Tauni ya Kabambare: historia ya sumu inayopita milango miwili



Miye ni mtu wa agronomia. Lisanse yangu niliipata kwa mihogo, si kwa historia wala kwa udaktari. Lakini leo nataka kuwaandikia historia, juu ya mambo mawili yaliyokutana kichwani mwangu. La kwanza ni watu 30 waliokufa Kabambare zaidi ya miaka 150 iliyopita. La pili ni mchoro ambao mwalimu wetu wa biokemia alituchorea ubaoni: siye tukaunakili, tukafanya egzame, tukausahau. Ilinichukua miaka kufahamu ya kama mambo hayo mawili ni jambo moja. Mnivumilie, andiko ni refu kidogo.

1. Kambi ya Kabambare

Septemba 1869 David Livingstone, yule mmisionari Muskoti, alifika katika mji alioandika jina lake Bambarre. Ni Kabambare yetu. Mfalme wa pale alikuwa amekufa siku si nyingi. Livingstone alimwita Moenekuss, na akaeleza maana: bwana wa kusu, yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa tayari wamepiga kambi humo wakitafuta pembe za tembo.

Julai 1870 alirudi Kabambare kutoka safari ya kaskazini, miguu imejaa vidonda, hawezi kutembea. Akakaa pale mpaka Februari 1871. Mgonjwa, hana barua, hana watu wa kutosha. Njo maana aliandika sana, na siye leo tuna kitu cha kusoma.

Mwisho wa Januari 1871 safari moja iliingia kutoka pwani ikiwa na habari ya tauni, maana wazee wa zamani waliita hivyo kila ugonjwa unaofagia watu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kolera. Safari ilisema Unguja peke yake wamekufa watu 70,000, na ugonjwa umeingia bara, kwa Wamasai na Ugogo. Ilisema pia kwamba "ndugu" yake wa Unguja amekufa, naye akadhani ni Dr John Kirk. Basi Kirk hakufa. Aliishi mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo ile 70,000 nayo tuichukue kama neno la njiani, si hesabu ya sensa.

Lakini kuna hesabu nyingine, ndogo, ambayo haikutoka mbali. Aliiandika juu ya kambi yenyewe alimokuwa akilala. Katika kambi ile ndogo ya Kabambare, tena ikiwa imebaki ndogo zaidi kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa mbali kwa biashara, walikufa watu 30. Kuku ndio waliotangulia kufa, kwa ugonjwa mwingine uliofuatana na huo. Na wenyeji, Wamanyema wa vijiji vilivyozunguka kambi, walikufa wangapi? Livingstone anakiri kwamba hawajui.

Tuseme ukweli kama wasomi: Kabambare ya wakati ule haikuwa na darubini wala maabara, na daftari la mgonjwa si matokeo ya labo. Tulicho nacho ni hiki: vifo vile vilikuja miaka ileile ya kolera ya Unguja, kwenye ncha ya barabara ileile, na mtu aliyekuwa pale, naye alisomea udaktari, aliviweka katika habari moja na kolera hiyo.

2. Barabara

Kolera haitembei peke yake. Inabebwa na matumbo ya watu na maji wanayochafua. Unguja iliipata mara kadhaa katika karne ile: kuna ile ya 1821, ya 1836, ya 1858, halafu ya 1869. Dr James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alitoa kitabu mwaka 1876 juu ya magonjwa hayo. Alifuata nyayo za kolera sawa vile mpelelezi anafuata mwizi: aliuliza wenye majahazi, mahujaji, wapagazi. Akakuta ile ya 1869 haikuingia kwa bahari. Ilishuka kwa nchi kavu, ikapitia nchi ya Wamasai mpaka Pangani, njo ikavuka Unguja.

Kutoka pwani mpaka kwetu njia mnaijua wote: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Nguo na ushanga viliingia. Pembe na watumwa vilitoka. Mtu anaweza kuuliza: kolera inaua kwa saa chache, sasa inawezaje kutembea miezi? Jibu ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawaumwi sana, au hawaumwi kabisa. Wanatembea, wanabeba mzigo, wanachota maji, wanakwenda chooni karibu na mto. Mgonjwa anabaki njiani, mbebaji anafika.

3. Nani alimwona muuaji?

Mwaka 1854, London, daktari John Snow alionyesha kwamba kolera inatoka ndani ya maji ya kunywa. Mwaka uleule, Florence, Filippo Pacini aliona ndani ya matumbo ya wafu kidudu kilichojikunja kidogo kama mkato wa mwezi. Hakuna aliyemsikiliza. Ilibidi tusubiri Robert Koch, aliyeitenga bakteria hiyo Calcutta na kutangaza mwaka 1884. Maana yake, watu wa Kabambare walipokufa, dunia nzima ilikuwa bado inabishana kama kolera ni hewa mbaya au ni kitu kingine.

Koch alidhani ya kama kidudu kinatoa sumu. Lakini kudhani si kuonyesha. Ilipita miaka 75. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, mwalimu wa Calcutta, alichuja maji ambamo bakteria ya kolera ilikuwa imeota, akaondoa bakteria zote, akayaweka maji yale matupu ndani ya utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji. Kidudu hakipo, ugonjwa upo! Kwa hiyo kinachomwaga maji ya mtu si bakteria yenyewe. Ni kitu inachokitoa nje. Baadaye ikajulikana ni protini. De hakupewa tuzo kubwa ya dunia, akafa mwaka 1985, na wengi kati yetu tumemaliza lisanse bila kusikia jina lake.

4. Uzi na nguo

Sasa narudi kwenye ule mchoro wa ubaoni. Bakteria ya kolera ina tando mbili, moja ndani, moja nje. Katikati kuna uwanja mwembamba unaoitwa periplazimu. Swali la mwalimu lilikuwa hili: bakteria inatengeneza protini ndani kabisa, inaitoaje mpaka nje, na tando zenyewe hazitobolewi ovyo?

Kwanza tufahamu protini ni nini. Ni mnyororo wa asidi amino, mfano wa uzi mrefu. Uzi ukiwa umenyooka haufanyi kazi yoyote. Lazima ujikunje, upate umbo lake. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha kwamba umbo hilo limeandikwa ndani ya mpangilio wa mnyororo wenyewe. Alipata Nobel mwaka 1972. Ukikosea kujikunja, protini inakuwa takataka.

Fikirini fundi wa cherehani pale soko ya Kasongo, chumba chake kina milango miwili. Mlango wa kwanza ni mdogo sana, sawa tundu la sindano: uzi unapita, nguo haipiti. Mlango huo unaitwa Sec. Sumu ya kolera ina vipande vya aina mbili, A moja na B tano, na kila kipande kinapita pale kikiwa bado uzi. Kichwani mwa uzi kuna kipande kifupi, kama anwani kwenye bahasha, kinachosema: "Huyu anatoka." Ukishapita, anwani inakatwa. Günter Blobel ndiye alileta wazo hilo la anwani katika seli, akapata Nobel mwaka 1999.

Ndani ya uwanja wa katikati njo ushonaji unafanyika. Kuna protini inayoitwa DsbA, kazi yake ni kufunga vifungo vya salfa mahali panapotakiwa ili umbo lisilegee. B tano zinashikana duara, A inakaa juu ya duara na mkia wake unaingia katikati. Sasa si uzi tena, ni nguo kamili.

Mlango wa pili, ule wa utando wa nje, ni mkubwa na una tabia tofauti kabisa: haupitishi uzi, unapitisha nguo iliyokwisha kushonwa. Timothy Hirst na Jan Holmgren walionyesha hilo mwaka 1987, na mwaka 1992 ilionekana kwamba bakteria iliyonyimwa DsbA haiwezi kuunda sumu vizuri. Inaishi, inaogelea, lakini mkono wake umefungwa.

Jambo lingine: amri ya kutengeneza sumu hii si mali ya asili ya bakteria. Inaletwa na kirusi kinachoingia ndani ya bakteria na kujiandika katika urithi wake. Matthew Waldor na John Mekalanos walilitangaza mwaka 1996. Kwa hiyo kuna vibrio nyingi kwenye maji zisizoua mtu. Ile yenye amri njo inaua.

Wenzangu wa mashamba watafahamu haraka. Ule ugonjwa wa bakteria unaotia majani ya mihogo madoa ya pembepembe na kukausha ncha za matawi, Xanthomonas, nayo inafanya kazi ya kupitisha protini. Ina bomba kama sindano, inadunga jani, na protini inanyooshwa iwe uzi ili ipite ndani ya sindano. Nilijifunza milango ya bakteria kwa ajili ya mihogo. Sikujua nilikuwa nasoma habari ya Kabambare.

5. Ndani ya tumbo letu

Sumu ikifika kwenye utumbo, zile B tano zinashika mafuta fulani juu ya seli zetu, na seli inaimeza. Inasafiri kinyumenyume mpaka kwenye kiwanda ambacho seli yetu inakunjia protini zake. Pale kifungo cha A kinafunguliwa na kipande chenye makali kinaachia umbo. Wakaguzi wa kiwanda wanakiona: protini iliyokosea kujikunja! Wanafanya kazi yao ya kila siku, wanaitupa nje ya kiwanda ikaharibiwe. Ila haiharibiwi. Inajikunja upya, na kazi inaanza.

Inaziba swichi moja ya seli katika hali ya kuwaka. Chumvi inamwagika ndani ya utumbo, na maji yanaifuata. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Macho yanaingia ndani, ngozi ya vidole inakunjamana, sauti inakauka, na akili yake inabaki timamu mpaka karibu na mwisho. Ndivyo mtu anavyoweza kuwa mzima asubuhi na kuzikwa jioni.

6. Usiku mmoja

Nilikuwa natafuta takwimu za memwari yangu katika kijiji kimoja cha Kabambare. Nililala kwa familia moja, watu wema, walinipa kitanda wao wakalala chini. Usiku mtoto wao wa miaka mitatu hivi akaanza kuhara na kutapika, maji matupu. Kituo cha afya kilikuwa mbali na mvua inanyesha. Mama yake akasema: "Tusimupe mayi, inazidisha kuhara." Baba akaniangalia miye, msomi wa inivasite.

Wandugu, nilikuwa najua DsbA. Nilikuwa najua milango miwili. Lakini chumvi ni kiasi gani na sukari kiasi gani, sikujua. Niliogopa kukosea, nikanyamaza.

Aliyekuja ni mama mmoja jirani, reko wa kijiji, alisoma mpaka la tano ya shule ya msingi. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapima lita kwa chupa, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Akakaa na kijiko mpaka asubuhi. "Kidogo kidogo. Akitapika, unangoja kidogo, unamupa tena." Kulipokucha, baba alimweka mtoto na mama yake juu ya kinga akawapeleka kwenye kituo cha afya, na maji yaleyale njiani. Mtoto alipona. Kama ilikuwa kolera, hakuna aliyepima.

Kwa nini vijiko vile vinafanya kazi? Hapa mchoro unarudi. Sumu imefungua njia ya kumwaga chumvi, lakini kuna mlango mwingine kwenye utando wa seli zetu ambao sumu haiugusi. Ni protini inayoingiza chumvi na sukari kwa pamoja: moja bila ya pili haipiti. Robert Crane alieleza hilo mwaka 1960. Ukimpa mgonjwa maji peke yake, hayashikwi vizuri. Chumvi peke yake, vilevile. Ukitia na sukari, mlango unafunguka, na maji yanafuata ndani. Mwaka 1968 madaktari wa Dhaka walionyesha kwamba inawezekana kwa wagonjwa wa kolera. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, serumu ya mishipa ilimwishia daktari Dilip Mahalanabis katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akachanganya chumvi na sukari ndani ya mapipa, akaachia ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa 100 mpaka chini ya 4.

Angalieni tarehe: 1871, Kabambare, hakuna aliyejua lolote. 1971, miaka 100 kamili baadaye, dawa ni vitu vya jikoni.

7. Hesabu

Kolera ya sasa ilitoka Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 ikaingia mashariki ya nchi yetu upande wa Tanganyika. Haijatoka. Julai 1994, Goma, kolera na kuhara damu viliua karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda kwa mwezi mmoja. Mwaka 2011 ilishuka na mto kutoka Kisangani mpaka Kinshasa. Na barabara ya zamani bado iko: ndagala inatoka Baraka, inapita Fizi, inaingia Kabambare, inafika Kasongo. Wachimba dhahabu wanaitembea. Waliokimbia vita wanaitembea. Bido za maji bado zinajazwa mtoni.

Sisemi haya ili kutia hofu. Nasema kwa sababu ya ile hesabu ya Livingstone. Aliweza kuandika 30 kwa vile hao walikuwa watu wa kambi: kila mmoja alikuwa na bwana, au deni, au mzigo, kwa hiyo akikosekana anajulikana. Wamanyema wa vijijini, wenye nchi, hawakuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Hao ni babu zetu. Na yule mtoto wa usiku ule, angekufa, angeingia daftari gani? Angezikwa asubuhi, na wangesema "ni tumbo."

Ninaomba mambo mawili kwa kila mwanachama anayesoma. La kwanza: vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vilivyosawazishwa. Andika mahali pa kuonekana nyumbani, na fundisha mama, fundisha wadogo. Anza kunywesha palepale, na wakati huohuo mpeleke mgonjwa kituo cha afya, usingoje. Mwaambie na waganga hesabu: wangapi, kijiji gani, siku gani.

La pili: ukienda Kabambare au Tongoni kwa msiba au kwa harusi, kaa na wazee. Waulize juu ya tauni ya wakati wa pembe. Waulize kama kuna mahali ambapo watu walizikwa wengi kwa pamoja, kama kuna kijiji kilichohama, kama kuna jina la mtoto aliyezaliwa mwaka ule. Wengine watacheka. Wengine watasema hawajasikia. Lakini mzee mmoja akikumbuka jina moja tu, tutakuwa na jina moja zaidi ya alilokuwa nalo Livingstone.

Miye nimeshaanza kwa upande wa mama yangu. Mpaka sasa nimepata jina la kilima, bado sijapata la mtu. Naendelea.